Kichwa hakiumi, dawa ya nini? Maswali yenu ya presha

Shikamoo daktari. Nilipima presha duka la dawa, nikaambiwa 158 kwa 96. Nina miaka 43, nalima, kichwa hakiniumi. Nianze dawa?

Marahaba. Usianze dawa kwa kipimo kimoja, wala usikipuuze. Kwanza, ulipimwaje? Mara nyingi mtu anafika anahema, anakalishwa kwenye benchi, mkanda unafungwa juu ya shati, mkono unaning'inia, na mpimaji anamuuliza habari za nyumbani huku mashine inajaza upepo. Hapo namba hupanda bure. Kakojoe kwanza. Kaa dakika 5 bila maongezi, mgongo umeegemea, usikunje nne, mkono umelala mezani usawa wa moyo. Pima mara mbili, kisha rudia siku nyingine. Ikiendelea kusoma 140 kwa 90 au zaidi, hiyo ni presha, kichwa kiume kisiume. Wengi hakiwaumi kabisa, habari wanaipata siku ya kiharusi. Ikifika 180 kwa 110 na kifua kinabana, unakosa pumzi au upande mmoja wa mwili unalegea, usingoje kurudia kipimo. Ni hospitali saa hiyohiyo.

Mama yangu anameza dawa siku anayohisi imepanda. Sasa miguu imevimba, anasema dawa zinamharibu figo, ameziacha kabisa.

Hili naulizwa karibu kila wiki, kwa hiyo nivumilieni nikirefusha.

Kuna bibi mmoja alikuja kliniki na mfuko wa rambo, akamwaga dawa zake mezani. Vidonge vya mwezi mzima vilikuwa vimebaki karibu vyote, na kwenye daftari lake presha ilikuwa nzuri kila safari. Nikamuuliza imekuwaje. Akacheka: alikuwa anameza siku ya kliniki na siku mbili kabla yake, ili mashine isimuaibishe. Sikumlaumu sana, maana sisi wenyewe tumewazoesha wagonjwa kuogopa kugombezwa.

Dawa ya presha si panado. Inashusha kwa muda ule iliyopo mwilini. Ukiacha, presha inarudi taratibu bila kubisha hodi. Na mtu hawezi "kuihisi". Anachohisi mama ni uchovu, hasira au usingizi mbaya.

Miguu kuvimba ni madhara yanayojulikana ya amlodipine, dawa ya presha ambayo huenda ndiyo anayomeza mama. Maji yanavuja kwenye vishipa vidogo vya miguuni, figo hazihusiki. Daktari anaweza kupunguza dozi, kuongeza dawa ya kundi jingine, au kuibadilisha. Lakini kama anakosa pumzi akilala chali na anahitaji mito miwili au mitatu, huenda moyo ndio unachoka, apelekwe mapema. Kinachoharibu figo ni presha yenyewe ikiachwa, na moyo nao huuchosha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, wa wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa kazi katika nchi 9 za Afrika, ulikuta presha ndiyo chanzo kikuu, na wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52. Huko Ulaya ugonjwa huo ni wa wazee wa miaka 70 na kitu. Huku unamkuta mtu bado analipa ada za watoto.

Ni kweli sisi Waafrika presha iko kwenye damu?

Maneno haya huwa yananiudhi kidogo, kwa sababu mtu akishaamini hivyo hapimi wala hatibiwi. Mwaka 1990 ulichapishwa utafiti wa Waluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kuishi Nairobi, wakilinganishwa na wenzao waliobaki. Ndani ya miezi michache tu presha za waliohama zilikuwa juu zaidi. Mkojo wao ulionyesha chumvi imeongezeka na potasiamu imepungua, na uzito nao ulikuwa umepanda. Ukoo uleule! Mwaka 1997 ulichapishwa utafiti mwingine, uliolinganisha watu wenye asili ya Afrika Magharibi: waliokuwa na presha walikuwa asilimia 16 barani Afrika, 26 Karibiani na 33 Marekani. Kurithi kupo, presha hutembea kwenye familia kila mahali duniani, lakini maisha ndiyo yanayosukuma.

Penye tofauti ya kweli kati yetu na watu wa kwingine ni kwenye dawa. Jaribio lililochapishwa mwaka 2019, lililofanywa katika nchi 6 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, lilionyesha kwamba dawa mbili pamoja zinashusha presha vizuri zaidi ikiwa amlodipine ni mojawapo. Kwa hiyo ukipewa vidonge viwili tangu mwanzo, usidhani umezidiwa.

Mimi chumvi mbichi situmii, napika nayo tu. Niko salama?

Hapana. Moto haubadilishi chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, na humo hesabu vile vidonge vya kukolezea mchuzi, ng'onda na mkate.

Vipi juisi ya choya?

Choya inashusha kidogo. Kunywa, bila kuijaza sukari, na vidonge endelea navyo.

Nina mimba ya wiki 10 na nameza lisinopril tangu mwaka jana. Kliniki ya mama na mtoto sijaanza.

Ningekuwa na namba yako ningekupigia. Lisinopril na dawa za kundi lake hudhuru mtoto tumboni, hasa figo zake. Usikae nyumbani ukasema basi naacha kila kitu, maana presha bila dawa nayo ni hatari kwenu wote wawili. Ziko dawa zinazotumika kwenye ujauzito: methyldopa, nifedipine, labetalol. Kuanzia wiki ya 20, kichwa kikiuma sana, ukiona nyotanyota au ukipata maumivu chini ya mbavu, hizo ni dalili za kuelekea kifafa cha mimba. Lakini hata bila dalili hizo, kwa ajili ya hiyo lisinopril nenda kliniki kesho asubuhi, na paketi ya hivyo vidonge uende nayo.