"Huyo si kufu yako": shangazi alimaanisha nini?

Kijana mmoja wa Tanga anayefanya kazi Dar kaniletea swali, naliweka karibu lote: "Shikamoo mwalimu. Nina mchumba, huu mwaka wa pili sasa. Mi nimemaliza chuo kikuu, yeye kaishia darasa la saba, anapika chapati na maharage anauza asubuhi. Juzi nikampeleka nyumbani wamuone, alipoondoka tu shangazi akaniambia 'mwanangu, huyo si kufu yako'. Nikasikia kama kasema kufuru, nikashtuka, kumbe sio. Hili neno maana yake nini? Na je linatumika kwa vitu pia, maana kazini kuna jamaa aliwahi kuniambia tai yangu na shati si kufu."

Marahaba mwanangu. Kwanza tulia, kufu na kufuru hayana undugu kabisa. Yote yametoka kwenye Kiarabu lakini kila moja na mzizi wake, kufuru ni kumkana Mungu au kumkosea adabu, na kufuli la mlangoni nalo lina mzizi wake mwingine, yamekuja kukaribiana huku kwetu tu kwa sababu Kiswahili kikishakopa neno kinalilainisha na kulipa irabu mwishoni. Sikiliza mkazo utayatofautisha: kufu unakaza mwanzo, kufuru na kufuli unakaza katikati kwenye "fu". Shangazi akiongea haraka ndo hapo mtu anashtuka.

Kufu ni mtu mliye sawa kwa hadhi, kwa daraja. Sio anayefanana na wewe sura wala mnayependa vitu sawa, ni yule ambaye mkiwekwa kwenye mizani hakuna upande unaozama. Na kama ulisoma chuo cha Kurani ukiwa mdogo basi hili neno umelitamka mara elfu bila kujua, liko mwisho wa Suratul Ikhlas, "walam yakun lahu kufuwan ahad", yaani hakuna hata mmoja anayelingana Naye. Ni lile lile.

Sasa angalia kitu kimoja ambacho watu wengi wanakikosea. Kufu lenyewe ni neno jema, linamtaja anayelingana. Ubaya unaletwa na kile kijineno "si" kinachotangulia. "Kaoa kufu yake", hapo kasifiwa. "Kaolewa na asiye kufu yake", hapo watu wanasikitika. Halafu ukibadilisha kidogo tu ukasema "fulani hana kufu" umemsifu mno, umesema hana wa kulingana naye. Kwa hiyo "si kufu" na "hana kufu" usiyachanganye, moja linakataa posa na jingine linampandisha mtu juu ya wenzake wote. Na ukitaka kulimilikisha sema kufu yangu, kufu yako, kama unavyosema rafiki yangu, wengi ni kufu zangu.

Neno hili nyumbani kwake ni kwenye ndoa, na lilifika pwani pamoja na elimu ya fikihi, yaani sheria za dini ya Kiislamu. Pwani yetu wengi ni madhehebu ya Shafi, na kitabu kilichosomeshwa sana ni Minhaj ya Imam Nawawi. Humo kufu inapimwa kwa mambo matano: mtu kusalimika na aibu kubwa za mwili au akili, kuwa huru na sio mtumwa, nasaba, kujihifadhi na maovu, na kazi anayofanya. Kwenye kazi anashuka mpaka kwenye mifano, anasema mfagiaji au mchungaji si kufu ya binti wa mshonaji, na mshonaji si kufu ya binti wa mfanyabiashara, na hao wote si kufu ya binti wa mwanachuoni au kadhi. Lakini mali, kwa kauli anayoipa nguvu, haihesabiki. Hilo la mali nimelitia makusudi, kwa sababu siku hizi neno hili ukilisikia mara nyingi kinachopimwa ni mfuko. Imamu Malik, mwenye madhehebu mengine, yeye uzito mkubwa aliuweka kwenye dini ya mtu, hakwenda na hizo ngazi za kazi na ukoo.

Soma tena hiyo mifano uone nani anapimwa. Ni mwanaume. Swali la kufu kwenye fikihi ni je huyu mume anamfikia huyu mwanamke, ili mwanamke na watu wake wasije wakaaibika, na ni haki yao yeye na walii wake, yaani mzee wake anayemuozesha, wakiridhia wenyewe kuiacha ndoa inafungwa na ni halali. Mwanaume akioa chini ya daraja lake sheria haina neno. Kwa hiyo shangazi yako anapokwambia wewe mwanaume kwamba yule binti si kufu yako, kaligeuza neno, kalitoa mkononi mwa mwanamke kalielekeza kwake. Simlaumu yeye peke yake, mtaani limeshageuka siku nyingi na linakwenda pande zote mbili, na kamusi haiwezi kukataa watu wanavyosema. Lakini lilikotoka ni huko.

Nakumbuka nikiwa mdogo, jioni moja nyumbani kwa bibi alikuja mshenga kufuata jibu. Barua ya posa ilikuwa imeletwa wiki moja kabla, imefungwa kwenye kitambaa cheupe pamoja na fedha. Bibi hakusema "hatumtaki". Alikitoa kile kitambaa kwenye mkoba kikiwa na fundo lake vilevile hakijafunguliwa, akakiweka juu ya mkeka, akasema "mwambie baba yake tunashukuru, ila tumeona si kufu." Mshenga akakichukua, akamaliza kahawa yake, akaaga. Hakuna aliyeuliza zaidi. Mi nililiona ni neno la heshima sana, na kweli ni la heshima kwa anayelisema, anakataa bila kutaja sababu. Kwa anayeambiwa ndo linauma, maana anaondoka hajui kapungukiwa nini.

Na kwa muda mrefu jibu lilikuwa linajulikana ila halitajwi. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, lakini ile "kuwa huru" na ile "nasaba" hazikutoka vichwani siku hiyo, wajukuu wa waliokuwa watumwa wameendelea kukataliwa posa kwa neno hili hili dogo lenye sauti laini. Na hapo inafaa kumkumbuka Fatima binti Qays, mwanamke wa Kikureshi, alipoposwa na wanaume wawili wa kabila lake Mtume akamwambia aolewe na Usama, ambaye baba yake Zayd alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Akaolewa naye, na mwenyewe akaja kusema Mungu alimtilia kheri ndani yake.

Kuhusu tai na shati, hapana. Jamaa yako alikuwa anatania au hajui. Vitu havina hadhi ya kupimana. Tai na shati haviendani, rangi hazioani, mtaani tunasema havimechi na hilo nalo limeshakuwa letu. Mama akipewa doti ya khanga akakuta kipande kimoja cha jina hili na kingine cha jina lile atasema hivi havikutoka pamoja, hawezi kusema si kufu. Watu wawili wakigombana kila siku hawapikiki chungu kimoja, na wanaweza kuwa kufu kabisa kwa ukoo na elimu, tena mara nyingi ndo hao. Wema na ubaya ni lila na fila, havitangamani. Wachumba ambao wazee wameenda kuwapigia ramli wakarudi na jibu baya, hao wanaambiwa nyota zao haziendani. Kila moja lina mahali pake, na kufu likitumika kwa soksi na viatu linabaki halina kazi pale linapohitajika.

Sasa rudi kwa shangazi. Usimwambie kakosea Kiswahili, hajakosea. Lakini kufu haisimami yenyewe, lazima iwe kufu kwa kitu fulani, kwa dini, kwa tabia, kwa ukoo, kwa elimu, na yeye hicho kitu hakukitaja. Mpelekee chapati za huyo binti asubuhi, kaa naye, muulize kwa adabu: "Shangazi, si kufu yangu kwa lipi?" Halafu nyamaza, mpe nafasi alitaje.