Kuongezewa saa ku kazi na uko na batoto ba masomo: vile shiye tunafanya huku Lubumbashi

Mama, umeuliza: shefu anataka utoke ku nusu siku uanze kutumika paka saa kumi na moja ya mangaribi, batoto yako babili beko mu primeri, haujue ukubali ao ukatae. Najibu juu shiye tuko ndani ya ile maisha. Natumika ku depo moja ya dawa mu ville, bwana yangu iko ku mine upande ya Kolwezi, anakuya nyumbani kisha wiki na wiki, batoto batatu, tunaikala Ruashi.

Kitu ya kwanza: usibishane na shefu juu ya saa ngapi, bishana naye juu ya saa GANI. Batoto banazoea mama mwenye anarudia saa kumi na mbili kila siku, banajua. Lakini mama mwenye leo anarudia saa tisa, kesho saa mbili ya usiku, keshokutwa anapiga telefone kusema kuko inventeri, ule habamuzoee hata kidogo. Kipindi saa yangu ilikuwa inageuka-geuka, kale kadogo kalikuwa kanakataa kulala, kanaikala pa mulango na viatu mu miguu, kila gari yenye inapita kanasimama kuangalia. Kisha banipatia saa mingi kupita zile za zamani, lakini zenye haigeuke, na kakaanza kula na kulala bila shida hata kama mi niko bado mu amboteyaji, magari imesimama, ku barabara ya Kasenga.

Njo maana mbele ya kusaini, lomba saa yako ya kuingia na ya kutoka iandikwe mu kontra. Na ujue sheria, bamama bengi tunaiogopa bure. Kode ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inasema saa 45 kwa wiki na 9 kwa siku, haipite pale. Zenye inapita ni siplemanteri, saa ya kuongezea, na inalipwa zaidi: 30% kwa saa 6 za kwanza mu wiki, 60% kwa zenye zinafuata, na kama ni siku yako ya kupumuzika, 100%. Batu banaongezewa saa na banapewa tu "merci" na soda, hapana, ile ni pesa ya batoto yako. Uliza kwa heshima, na karatasi mu mukono.

Sasa shida yenyewe iko pale saa sita na nusu, wakati batoto ba vakasio ya asubui, benye banasoma asubui, banatoka ku masomo. Paka saa yenye unafika, batoto beko na nani? Shiye tuko na mama mumoja wa lupangu ya pembeni, anauza makala pa mulango yake kwa hiyo haondoke. Batoto banapita kwake, banakula bukari yenye nimeacha, banacheza pale anabaona. Tunamulipa kila mwisho wa mwezi, hata mwezi yenye pesa ni kidogo, yeye alisema atabaangalia bure, lakini mi nilikataa. Kama uko na nkambo karibu ni vizuri zaidi, lakini naye asichoke, umutafutie mutu wa kumuchotea maji.

Na tafazali, usimugeuze binti mukubwa kuwa mama ya nyumba. Naona hii kila kona ya Ruashi na inaniuma sana. Mutoto wa mwaka ya sita, mwenye anangojewa na ENAFEP, ekzameni ya taifa ya kumaliza primeri, njo mwenye anapika, anafua, anabeba mudogo ku mugongo, mangaribi ukimuuliza somo macho inafungika. Asaidie, ndiyo, afagie, aoshe sahani, na ndugu yake mwanaume naye aoshe. Lakini ile mwaka ya ekzameni umuachie apremidi yake.

Devuari tumeitosha mangaribi tukaiweka asubui. Mangaribi SNEL, kampuni ya umeme, banakata moto, mi nimechoka, mutoto amechoka, inaishia mu makelele tu. Saa kumi na moja ya asubui niko napepea mbabula ya kuchemusha maji, yeye ameikala pa kiti kidogo pembeni yangu anasoma kwa sauti, akiruka neno namusikia, namurudisha. Hesabu ya mukubwa inaenda kwa baba yake: anapiga foto ya kaye usiku, baba anamujibu kwa WhatsApp akitoka ku shifti. Pale bwana yangu aliona yeye pia anaweza kulea hata iko mbali, na naona inamupa nguvu.

Kaye uiangalie kila siku, hata dakika tano. Tangu primeri ya serikali ikuwe bure mu 2019 kelasi zimejaa sana, mwalimu hawezi kumufuata kila mumoja hata akipenda. Ukiona tarehe zinaruka, ao page nzima bila biki nyekundu, nenda kumuona mwalimu ile wiki, usingojee bulletin.

Halafu piga hesabu ya pesa mbele ya kukubali: mushahara yenye inaongezeka, utoshe mulinzi wa batoto, chakula ya midi, transport ya kurudia saa yenye taksi zinajaa. Kama kinachobaki ni kidogo sana, lomba paka saa tisa na nusu kwanza, utaona.

Kwa hiyo mi naweza kusema: shefu akiandika saa yako, na ukipata mutu wa kweli wa pale saa sita na nusu, kubali. Kama mutu haiko bado, lomba wangojee paka umupate. Andika hapa chini batoto banatoka saa ngapi na unaikala kartie gani, kuko bamama ba Kampemba na ba Ruashi huku benye wanaweza kukuonyesha mutu.