Kilishio cha kukanyagia: nenda kwa fundi na chupa mbili za maji

Ndugu yangu wa Kasese, umeuliza uchukue chombo gani cha kulishia kuku, maana usiku panya wanakula na mchana ndege wanakula. Mimi niko Tororo, nina kuku 20 nyuma ya nyumba, wengi Kuroiler (kuku chotara wa mayai na nyama) na wachache wa kienyeji.

Anza na hesabu. Kuku anayetaga anakula kama gramu 120 kwa siku. Kuku 20 ni kilo 2.4, kwa hiyo gunia la kilo 50 linatakiwa kufika karibu wiki tatu. Langu lilikuwa linaisha siku ya kumi na tatu. Nilimshuku kijana anayenisaidia kazi (Mungu anisamehe) mpaka nilipotoka saa nne usiku na tochi.

Ndoo ya kuning'iniza nilijaribu. Panya alishuka na kamba kama fundi wa umeme. Kilishio cha bomba la plastiki kikawa nyumba yake kabisa. Kuondoa chakula jioni kunasaidia, na kama mfuko hauruhusu, anzia hapo. Ila shomoro na kwera ni wa mchana, na ndege wa porini wanaweza kukuletea ugonjwa wa kideri.

Kilichonitoa ni kilishio cha bati chenye kanyagio: kuku akipanda kifuniko kinafunguka, akishuka kinafunga. Cha kwanza nilinunua dukani, kizuri kwa macho, kifuniko chepesi kama karatasi. Panya hakuhangaika na kanyagio, alikiinua kwa pua tu. Cha pili nilimpa fundi wa bati na nikasimama naye palepale. Nilitaka springi inayobana kifuniko kweli, na kanyagio jembamba lililo mbali na mdomo wa chombo, kuku anyooshe shingo ale lakini panya aliye juu yake asifikie.

Kisha uzito. Panya mkubwa wa nyumbani hafiki nusu kilo. Tetea wa kienyeji ana kilo moja na nusu hivi. Nilibeba chupa ya maji ya nusu lita na nyingine ya lita moja na nusu. Ndogo ikikaa kwenye kanyagio, kifuniko kisitikisike. Kubwa ikikaa, kifunguke chote. Fundi alicheka, halafu chupa ndogo ikafungua! Alikaza springi mara mbili. Kama matetea yako ni madogo, punguza maji kwenye ile kubwa.

Ukingo wa kifuniko tuliuvisha mpira wa tyubu ya baiskeli, kwa sababu mwenzake akishuka ghafla, kuku mwoga hubanwa shingo.

Usitegemee wajue siku hiyo hiyo. Wiki nzima niliweka jiwe kwenye kanyagio mchana kifuniko kibaki wazi, jioni naliondoa. Nilipoliondoa kabisa, mlio wa bati uliwakimbiza wote isipokuwa tetea mmoja mlafi. Wengine walijifunza kwake.

Miezi ya mvua unga hushikamana ndani na kugoma kushuka. Nagonga ubavuni kila asubuhi, na kila nikijaza upya nakung'uta ule wa chini, usije ukaota ukungu.

Vifaranga usiwaweke hapo, ni wepesi mno. Wangu wanakula kwenye sinia ndani ya boksi, na sinia naingiza jikoni jua likizama.