Bastola ya shabaha kwa bajeti ndogo

Kwa uliyeuliza bastola ya kuanzia mashindano ya shabaha bila kumaliza akiba: chukua ya kaliba .22 (risasi ndogo, upana wa karibu inchi 0.22). Risasi zake ni nafuu na haipigi teke, kwa hiyo utafanya mazoezi mengi, na alama zinatoka huko. Ruger Mark IV na Browning Buck Mark zote zinafaa. Mimi ningechukua Ruger, maana unabonyeza kitufe kimoja tu kwa nyuma, inafunguka uisafishe. Kabla ya kulipa, hakikisha haina risasi, ielekeze pahali salama, vuta kifyatuo polepole: kiachie safi, bila kukwaruza. Kama unalenga mashindano ya mita 10 ya ISSF (shirikisho la kimataifa la michezo ya shabaha), hapo ni bastola ya upepo ya milimita 4.5, na uzito wa kuvuta kifyatuo usipungue gramu 500.