Kwa mlioingia maabara mwaka huu: seli haijawahi kuonja komamanga

Wadogo zangu, nimetoka kusikiliza mawasilisho yenu na slaidi ile ile imerudi tena. Makrofaji (seli za kinga) za panya, LPS (sumu ya bakteria inayoamsha uvimbe), asidi elajiki mikromola 100, TNF-alfa (protini ya ishara ya uvimbe) imeshuka, na chini yake kwa herufi nene: "Komamanga linatuliza uvimbe." Nilinyamaza kwa sababu wageni walikuwepo na kwa sababu nawapenda. Mwakani nikiiona nitasimama hapo hapo, wageni wawepo wasiwepo. Kwa hiyo tuelewane mapema.

1. Fuateni njia ya chakula kabla ya kushika pipeti. Punikalagini, polifenoli kuu ya komamanga, ni molekuli kubwa, haipenyi ukuta wa utumbo mwembamba. Inavunjika kuwa asidi elajiki, nayo huyeyuka kwa taabu. Mtu akinywa glasi ya juisi, kwenye plazma yake mtakuta kama mikromola 0.1 baada ya saa moja, na saa chache baadaye hamkuti kitu. Hiyo mikromola 100 mliyozimwagia seli, damu ya mnywa juisi haiijui. Sehemu kubwa inashuka hadi utumbo mpana, na kazi yenyewe inaanzia huko. Bakteria Gordonibacter urolithinfaciens hufungua pete ya laktoni ya asidi elajiki, hutoa kaboni dioksidi, kisha hung'oa haidroksili moja baada ya nyingine hadi urolitini C. Bakteria wengine, akiwemo Enterocloster bolteae, huipokea na kuifikisha urolitini A. Hiyo ndiyo inayoingia damuni kwa kiasi cha maana, tena kwa kuchelewa, siku nzima au mbili. Mkojo wa saa sita za kwanza hauna habari. Kusanyeni hadi saa 48, na mkiweza 72.

2. Ulizeni molekuli imefika ikiwa na umbo gani. Ikishafyonzwa, ukuta wa utumbo na ini huibandika asidi glukuroniki, na glukuronidi hiyo ina nguvu ndogo sana kuliko urolitini A iliyo huru. Kwa hiyo seli za utumbo mpana zipeni iliyo huru, za mishipa ya damu zipeni glukuronidi. Yaliyo wazi zaidi yapo kwenye utumbo wenyewe: kazi iliyochapishwa mwaka 2019 ilionyesha urolitini A ikiamsha AhR na Nrf2, protini zinazowasha jeni ndani ya seli, na kuzidisha protini zinazobana seli za ukuta wa utumbo, huku ishara za uvimbe zikipungua. Msiniletee jedwali la ORAC, kipimo cha nguvu ya vyakula ya kuzuia oksidisho ndani ya tyubu. Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa lake mwaka 2012.

3. Kontroli ya katalasi, kimeng'enya kinachovunja peroksaidi ya hidrojeni. Hili linaniuma, mnivumilie nikirefusha.

Sisi tuliowatangulia tulikuwa na mapenzi makubwa na chai ya kijani. Tuliyeyusha EGCG, katekini kuu ya chai hiyo, kwenye DMEM, midia (maji ya lishe) ya kukuzia seli, tukaimimina juu ya seli za saratani ya utumbo, na asubuhi seli zilikuwa zinaelea, zimekufa. Tulishangilia. Mkunjo wa dozi ulishuka vizuri kabisa, tukaanza kuandika muhtasari wa mkutano. Hakuna kati yetu aliyeuliza kwa nini midia ilikuwa imegeuka kahawia wakati seli zilikuwa bado hai. Jibu lilikuwa limeshachapishwa mwaka 2000: EGCG na ndugu zake hujioksidisha ndani ya midia ya seli na kuzalisha peroksaidi ya hidrojeni. Makala hiyo ilikuwa kwenye faili yetu ya pamoja, imepigwa chapa, imetobolewa, imepangwa, na haijasomwa.

Aliyetuokoa ni mwenzetu mmoja mpole, asiyependa kubishana. Aliongeza katalasi kwenye visima vichache vya sahani ya seli bila kutangaza, kesho yake akatuita kwenye hadubini. Seli zilikuwa zimeshikilia sahani, nzima. Tulikuwa tumeziua kwa peroksaidi na kuisifu chai. Maumivu yenyewe hayakuwa muhtasari ulioondolewa. Kulikuwa na mwanafunzi aliyejenga sura nzima ya tasnifu juu ya data zile, kwa sababu sisi wakubwa wake tulimwambia aendelee, ziko imara. Alianza upya bila kulalamika, na hadi leo nikikutana naye naona haya.

Hata kama peroksaidi isingekuwepo, molekuli tungekuwa tumeikosea vile vile. Katekini nyingi hazifiki damuni zilivyo. Bakteria wa utumbo Eggerthella lenta hupasua pete ya kati, mwenzake Flavonifractor plautii huendeleza, na kinachopatikana ni valerolaktoni, ambazo huonekana kwenye plazma saa nyingi baada ya kikombe kukauka. Huyo huyo F. plautii hutengeneza desaminotirosini kutokana na flavonoidi, na mwaka 2017 ilionyeshwa kuwa desaminotirosini iliwakinga panya dhidi ya mafua makali kwa kuamsha interferoni za aina ya kwanza, protini za kinga dhidi ya virusi. Yote hayo yalikuwa utumboni, sisi tunaangalia sahani.

Basi katalasi, kila mara. Na pimeni peroksaidi kwenye midia isiyo na seli hata moja.

4. Chemba isiyo na oksijeni, ya kukuzia bakteria hawa. Midia ikae ndani usiku kucha kabla ya kupanda bakteria. Resazurini, rangi ya kuonyesha oksijeni, ikiwa na uwaridi, msiibembeleze, itoeni. Kaeni macho na kichocheo cha paladi kinachoondoa oksijeni, kipashwe moto kwa zamu. Gordonibacter wapeni arginini na muda, hawakimbizwi. Chupa moja iwe na bakteria waliouawa kwa joto, nyingine iwe na asidi elajiki bila bakteria.

5. Watu si wamoja, na wastani unawafuta. Kundi la Tomás-Barberán na Espín kule Murcia, Uhispania, mwaka 2014 liligawa watu mafungu matatu: A hutoa urolitini A, B huongeza isourolitini A na urolitini B, na 0 hawatoi hata moja kati ya hizo, hata wale komamanga asubuhi na jioni. Urolitini A na isourolitini A zina uzito ule ule, kwa hiyo LC-MS, mashine inayotenganisha molekuli na kupima uzito wake, haitawaamulia bila kolamu inayozitenganisha na viwango vya zote mbili. Soya ni hivyo hivyo: ikwoli, ambayo bakteria huitengeneza kutokana na soya, hupatikana kwa karibu theluthi moja ya watu wa nchi za Magharibi, na kwa nusu au zaidi huko Asia Mashariki.

Nasi tusiazime utumbo wa Ulaya tukaufanya wetu. Utafiti wa Wahadzabe uliochapishwa mwaka 2014 haukukuta Bifidobacterium kwa watu wazima, na hao ni walaji wa ubuyu, matunda pori, mizizi na asali hapa hapa Tanzania. Ubuyu una prosianidini, minyororo ya katekini, na ni bakteria gani anazibadilisha, kuwa nini, ni swali la kijana mwenye subira.

Wiki jana mmoja wenu aliniomba ruhusa ya kumwondoa mshiriki kwenye data kwa sababu "mkojo wake umeharibu wastani." Mshiriki huyo ni fungu 0. Sampuli zake na za wenzake ziko kwenye friza ya -80, droo ya chini kushoto, kisanduku chenye utepe mwekundu. Muulizeni mshiriki huyo kama alitumia antibiotiki miezi mitatu iliyopita, kisha chukueni choo chake mkipande pamoja na cha mtu wa fungu A. Kisanduku kisitupwe.