Nunua mchezo, usinunue msimu: kwa mleta uzi anayetaka kuchangia tiketi za White Sox 2026

Usimtumie huyo mtu fedha yoyote kwanza. Umeeleza kwamba mfanyakazi mwenzako ana tiketi za msimu za timu ya besiboli ya Chicago White Sox, kwamba yuko tayari kukukatia nusu yake kwa msimu wa 2026, na kwamba hoja yake kubwa ni hii: timu iliyopoteza michezo 121 mwaka 2024, na mwaka 2025 ikapoteza 102, haina pa kwenda isipokuwa juu. Umeuliza na mengine: viti vyenye kivuli kwa ajili ya watoto, treni au gari, na kama mtu aliyehamia Chicago juzi achague White Sox au Cubs, timu nyingine ya mji huu. Hayo leo nayaweka kando. Hiyo hoja ya "haina pa kwenda isipokuwa juu" imenipandisha damu, kwa sababu Oktoba 2023 niliuziwa maneno hayohayo, kwa upole huohuo, nami nikalipa.

Kanuni yangu ni moja na nitairudia hadi uichoke: nunua mchezo, usinunue msimu.

Aliyenishawishi sitamtaja hata kwa herufi, maana bado tunakutana kwenye lifti. Ni mtu wa nyumbani kabisa, wa kusalimiana naye kwa Kiswahili na kuulizana habari za wazee, na pengine ndiyo sababu sikuuliza maswali ambayo ningemuuliza mgeni. Alinichorea hesabu kwenye karatasi ya kufutia mikono wakati wa chakula cha mchana: ushindi 93 mwaka 2021, walipoongoza kanda yao, 81 mwaka 2022, 61 mwaka 2023. "Kaka, hapa ndipo chini kabisa," akasema, akaweka nukta nene kwenye ile 61. "Wakuu wa usajili wamefukuzwa Agosti, wanaanza upya, na mwenye akili ananunua kabla bei haijapanda." Nikaitazama ile nukta nikaona kweli tupu. Mwaka uliofuata walishinda 41.

Sisi tuliokulia kwenye mpira wa miguu tunaingia mtego huu kirahisi. Kwetu timu inayovurunda hushuka daraja, na hofu ya kushuka huwalazimisha wenye klabu watoe fedha, wafukuze kocha, wasajili mtu. Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani ina timu 30 na hakuna inayoshuka. Unaweza kupoteza michezo 121, idadi ambayo hakuna timu iliyowahi kuifikia tangu mwaka 1900 (Mets wa New York mwaka 1962 waliishia 120), na Machi inayofuata ukaanza sawasawa na bingwa. Kwa hiyo ile "chini kabisa" haipo, kwa sababu hakuna sakafu. Zaidi ya hapo, mmiliki akishaamua kujenga upya, anapata kila sababu ya kuuza mchezaji mzuri aliyebaki ili apate vijana. Utaambiwa kwamba anayeburuza mkia hupewa nafasi ya mbele ya kuchagua chipukizi wapya. Lakini nafasi hizo hugawanywa kwa bahati nasibu, na kanuni zake haziruhusu timu ya mji mkubwa kama huu kupata nafasi ya juu miaka miwili mfululizo, hivyo baada ya kupoteza michezo 121 White Sox walichagua wa 10. Hata zawadi ya kuwa wa mwisho walinyimwa.

Tazama pia mambo yalivyofuatana. Nililipa mwaka 2023. Tarehe 13 Machi 2024, wiki mbili kabla ya mchezo wa kwanza, Dylan Cease, mrushaji aliyeshika nafasi ya pili kwenye tuzo ya mrushaji bora, Cy Young, ya 2022, alipelekwa timu ya San Diego. Mwishoni mwa Julai wakaondoka Erick Fedde, Tommy Pham na Michael Kopech kwa mpigo mmoja, na huyo Kopech akamaliza mwaka akiwa bingwa na Dodgers wa Los Angeles. Anayelipia msimu Oktoba analipia majina yasiyo na wajibu wowote wa kuwapo Aprili. Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia, tena gunia lenyewe limetoboka.

Yote hayo ningeyavumilia. Timu mbovu ni timu mbovu, na shabiki hachagui miaka. Kilichonigharimu hasa ni neno "nusu", na hapa nakuomba usome polepole.

Msimu una michezo 81 ya nyumbani. Aliposema nusu kwa nusu, mimi nilielewa kwamba tutakaa na ratiba, yeye achague mmoja, nami nichague mmoja, hadi mwisho. Yeye alielewa kwamba achague kwanza yote anayoitaka, kisha makombo yawe yangu. Hatukuandika popote. Tiketi zilikuwa kwenye akaunti yake, kwa jina lake, na mimi nilizipata kwa kutumiwa kwenye simu, yaani nilikuwa nimelipa fedha kamili ili niwe mtu wa kusubiri hisani. Mwezi Februari alinitumia orodha yake ikiwa imepambwa rangi ya kijani. Mchezo wa ufunguzi dhidi ya Detroit, wake. Cubs wa Agosti, wake wote. Yankees wa Agosti, wake wote. Jumamosi za Juni na Julai karibu zote, zake. Nikabaki na Jumanne na Jumatano za Aprili usiku, wakati upepo wa Chicago unapenya koti mbili na mtu mzima unajikuta unasali mvua inyeshe ili mchezo uahirishwe. Nilipolalamika alinijibu kwamba hesabu iko sawa, kila mmoja ana nusu. Kwa hesabu alikuwa sahihi, na usahihi huo ndio uliniudhi kuliko kitu chochote.

Thamani ya michezo 81 haigawanyiki kwa idadi. Katika msimu mbovu, michezo michache inabeba karibu bei yote, na iliyobaki haina mnunuzi. Tarehe 13 Agosti Juan Soto wa Yankees alipiga homurani tatu (mapigo yanayoupeleka mpira nje ya uzio) hapa Chicago, na kesho yake mwenzake Aaron Judge akapiga ya 300 katika maisha yake ya ligi. Jamaa yangu hakuwapo uwanjani siku zote hizo. Alikuwa ameziuza tiketi hizo kwenye programu ya kuuziana, pamoja na zile za Cubs, na kwenye lifti akanieleza kwa furaha isiyo na hila yoyote kwamba nusu yake "imejilipa". Nusu yangu nayo niliijaribu sokoni. Tiketi niliyoilipia bei ya msimu niliiweka, nikaishusha, nikaishusha tena, hadi ikawa rahisi kuliko kikombe cha mahindi yenye krimu na pilipili kinachouzwa ndani ya uwanja huohuo, na bado ikalala. Hata ikiuzwa, programu inakata chake kwanza. Nikaanza kuzigawa bure. Jirani yangu mmoja aliuliza kama nitamlipia na maegesho. Kazini watu walianza kuniona kwa mbali na kukumbuka kwamba wana kikao.

Fedha niliyotoa ingetosha nauli ya kwenda nyumbani na kurudi, na ingebaki ya zawadi za kuwanyamazisha mashangazi. Badala yake nilinunua haki ya kuketi kwenye baridi nikitazama timu ikianza msimu kwa ushindi mara 3 na kushindwa mara 22. Mke wangu aliuliza swali moja tu mwaka mzima, kama tumekatiwa risiti, na tangu hapo limekuwa msemo wa nyumbani kila ninapotaka kununua kitu.

Bahati nzuri, kwa namna ya kusema, mwishoni mwa Julai niliachiwa jioni moja ya joto, kwa sababu wakati huo hata jamaa yangu hakuzitaka tena tiketi zake. Walikuwa katikati ya ule mfululizo wa kupoteza michezo 21, uliolingana na rekodi ya American League, nusu moja ya ligi hii, iliyowekwa na Baltimore mwaka 1988. Seattle walikuja wakashinda yote mitatu, Kansas City wakaja wakashinda yote mitatu. Mbele yangu aliketi mzee aliyevaa mfuko wa karatasi kichwani, umetobolewa matundu mawili ya macho, na kila alipotaka kunywa bia aliinua ukingo wa mfuko kwa kidole kimoja, akanywa, akaushusha tena kwa adabu kubwa. Kilipofika kipindi cha nane alinigeukia akaniuliza kama nami nina tiketi za msimu. Nikamwambia nina nusu. Akaniambia afadhali yangu.

Septemba niliangukia mchezo mmoja dhidi ya timu ya Angels, siku ambazo hasara moja zaidi ingeivunja rekodi ya Mets. Uwanja ulikuwa na watu kuliko kawaida, wengi wao wakiwa wamekuja kushuhudia aibu yenyewe na kuimba kumtaka mmiliki, aliyeinunua timu mwaka 1981, aiuze. White Sox wakashinda. Wakashinda yote mitatu dhidi ya Angels, kisha wakaenda kupoteza ule wa 121 Detroit, mbele ya mashabiki wa wengine. Hata historia mbaya tuliyoilipia walikwenda kuifanyia ugenini.

Usinielewe vibaya, mimi si adui wa timu hii. Mwaka 2025 walishinda 60, yaani 19 zaidi ya mwaka 2024. Colson Montgomery aliitwa Julai kutoka ligi za chini akapiga homurani 21 katika michezo 71, na mpira ukitoka kwenye gongo lake unajua kwa sauti tu kwamba haurudi. Kyle Teel na Chase Meidroth, waliopatikana kwa kumtoa Garrett Crochet kwenda Boston, wanacheza kama watu wasiojua kilichotokea kabla yao. Shane Smith, mrushaji aliyechukuliwa kutoka Milwaukee bila mtu kumwangalia mara mbili, alichaguliwa kwenye mchezo wa nyota wote mwaka wake wa kwanza. Tumaini lipo, na mimi nalifuata kama wewe: naangalia bei asubuhi ya siku ya mchezo, nalipa ya kiti kimoja au vinne, napanda treni ya Red Line hadi kituo cha Sox-35th, nashuka, nimefika. Ninachokataa ni kulilipia tumaini hilo miezi mitano kabla. Mei 2025 shabiki wa White Sox, aliyekuwapo uwanjani kwenye mchezo wa kwanza wa fainali ya 2005, alichaguliwa kuwa Papa Leo XIV, na bado walipoteza 102.

Halafu chipukizi hawana mkataba na moyo wako. Andrew Vaughn alichaguliwa wa tatu nchi nzima mwaka 2019, nasi tukaambiwa tumngoje. Tukamngoja. Mwaka 2025 alishuka hadi akarudishwa ligi za chini, Juni akapelekwa Milwaukee, na mara yake ya kwanza kushika gongo kwa ajili yao alipiga homurani. Milwaukee wakamaliza na rekodi bora kuliko timu zote za ligi. Ukiwa unanunua mchezo mmoja mmoja, habari ya namna hiyo inakuudhi jioni moja. Ukiwa umenunua msimu, inakuja pamoja na tiketi za wiki nzima ambazo huwezi kumpa mtu.

Kwa hiyo kama bado unamsikiliza mwenzako huyo, mwambie akuonyeshe ratiba ya 2026 ikiwa imeandikwa jina kando ya kila mchezo, jina lake au lako, kabla hujatoa senti. Tiketi zako zihamishiwe kwenye akaunti yako zote kwa pamoja siku unapolipa. Na kama kuna neno "2027" popote kwenye mapatano yenu, lifute, kwa sababu mkataba wa ligi na chama cha wachezaji unaisha tarehe 1 Desemba 2026, na ulipoisha mara ya mwisho, Desemba 2021, wamiliki waliwafungia wachezaji milango hadi Machi 2022 na msimu ukachelewa kuanza. Sitaki uje hapa kuuliza ni nani anayerudisha fedha za mchezo usiochezwa.

Mwandikie usiku huu swali moja tu: michezo ya Cubs ni ya nani? Akikujibu kwamba mtaangalia baadaye, libandike jibu lake hapa kabla hajafuta.