Ekari 80 Kongwa na ng'ombe 40? Mimi hesabu naianzia Novemba

Shikamoo mkuu, maana umesema umestaafu na mimi bado niko kwenye mbio. Swali lako nimelielewa hivi: una ekari 80 Kongwa, kiinua mgongo kimeshaingia, wanao wawili wako tayari kukaa shambani, na unataka kununua ng'ombe 40 wa nyama kwa mkupuo. Wenzangu hapo juu wamekupongeza. Mimi nasema nunua 8. Nieleze kwanza, halafu unitukane.

Familia yetu inafuga wilaya hiyohiyo, ekari 110 hivi, uzio wa minyaa na seng'enge kidogo upande wa barabarani. Mwaka 2016 tulikuwa na vichwa 42. Ungekuja Aprili ungetusifu: nyasi kiunoni, ndama wanaruka, mzee anazunguka na fimbo yake kama waziri aliyekuja kukagua mradi. Mwezi wa sita nikamwambia tuuze 15 wangali wamenona. Akasema zizi si ghala la mahindi, halipunguzwi kila mtu akitaka hela. Mimi ni kitindamimba, nikanyamaza.

Msimu ule mvua zilichelewa, na zilipokuja zilinyesha kidogo zikakata. Kufikia Januari kazi yetu ya asubuhi ilikuwa kuinua ng'ombe. Wawili wanashika mkia, wawili wanapitisha gogo chini ya kifua, anasimama akitetemeka, anapiga hatua chache analala tena. Tulichuna ngozi 13. Wengine 9 tuliwapeleka mnadani, na bei tuliyopewa siiandiki hapa kwa heshima ya mzee. Dalali akishaona mbavu anajua huna pa kurudi na mnyama wako.

Ndiyo maana nasema usihesabu ng'ombe Aprili. Hesabu Novemba, nyasi zikiwa zimebaki vijiti. Ng'ombe wa kilo 300 anakula kama kilo 7 au 8 za majani makavu kwa siku, karibu tani 2.7 kwa mwaka. Na si kila kilichoota ni chake: nusu iache ardhini, la sivyo mwaka unaofuata utavuna vumbi na magugu. Kwa mvua zetu za kati ya Desemba na Aprili, sisi tumefikia ekari 8 hadi 10 kwa ng'ombe mmoja mkubwa. Gawanya 80 zako mwenyewe.

Usidhani uchimvi ni wangu peke yangu. Mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa hiyohiyo na matrekta kulima karanga, pesa haikuwa tatizo. Ukame ulikuwa mmoja wa waliowashinda, na 1951 mradi ukavunjwa. Baadaye sehemu ya eneo lile ikawa ranchi ya taifa, nyasi na Boran, aina ya ng'ombe wa nyama. Ardhi ilishasema inachoweza.

Tulichobadilisha baada ya msiba ule si kikubwa. Tumegawa shamba vipande vinne, na kimoja hakiguswi tangu mvua zianze mpaka Agosti, kama Wasukuma wanavyofanya na ngitiri, malisho yao ya akiba. Mwezi wa tano tunakata majani yakiwa yanatoa maua, kabla hayajakomaa yakawa mbao, tunayafunga robota kwa boksi la mbao tulilochongewa na fundi wa milango. Robota letu lina kilo 15 hivi. Ukitaka kumpa ng'ombe nusu ya chakula chake kwa siku 120 za kiangazi, ni marobota 30 kwa kichwa. Ng'ombe 40 ni marobota 1,200, na ghala lake hukulitaja. Mabua ya mahindi tunachukua kwa majirani, mashudu ya alizeti tunanunua mapema kabla bei haijapanda. Mashudu tunawapa wenye mimba na wanaonyonyesha tu. Maksai atajitafutia.

Dume tunamwachia majike kuanzia Februari hadi Aprili. Mimba ni miezi tisa na siku kidogo, kwa hiyo ndama wanadondoka nyasi changa zinapoanza kutoka. Kwa majike 8 usinunue dume, azima, ila baada ya miaka mitatu mbadilishe asije akapanda binti zake.

Magonjwa nitapita haraka kwa sababu daktari wa mifugo wa kata ataeleza vizuri kuliko mimi. Ndama wachanje ndigana kali, ugonjwa wa kupe; wakishachanjwa ndio wale unaowaona wamevishwa hereni sikioni. Lakini usiache josho, chanjo hiyo haizuii mkojo damu wala maji moyo, ambayo pia huletwa na kupe. Na wanyama wa mnadani wakae mbali na wenzao wiki tatu.

Jambo ambalo hukuuliza, na ndilo lililokaribia kutuvunja kuliko ukame: ng'ombe ni wa nani? Kwetu kila mtu alikuwa na wake ndani ya zizi la mzee, kwa mdomo. Ndama akifa, alikuwa wa yule aliyeko Dar. Ndama akiishi, alikuwa wa aliyemchunga. Dada yangu ndiye aliyeleta daftari la mistari: namba ya sikio, mama yake, mwenye mali, tarehe. Anayekaa shambani analipwa mshahara kila mwezi pamoja na ndama mmoja kwa mwaka. Kila Juni tunapima kifua kwa ile futi ya kukadiria uzito, tunakaa chini ya mkwaju, na wanaouzwa wanaandikwa siku hiyohiyo. Mzee anasaini wa kwanza. Mwaka wa kwanza alisaini huku ametupa mgongo.

Mwisho, hujasema maji yako yako wapi. Oktoba ng'ombe mmoja anamaliza lita 30 hadi 40 kwa siku. Kama una kisima ndani ya shamba, 8 yangu inasimama. Kama unategemea lambo la kijiji lililoko kilomita sita, andika hapa, maana jibu langu linashuka hadi 5.